Upande Unaomwelekea Mtukufu

Jamani, mwenzenu nina habari, na nisipoitoa leo nitapasuka. Sogeeni. Naanza mwanzo kabisa, na mtu asinikatize, maana nikikatizwa nasahau nilipofika.

Mimi naitwa Riziki. Nimemaliza chuo juzijuzi tu, kemia, nikapangiwa kazi Maabara ya Taifa ya Gesi. Nchi yetu mnaijua. Jina lake silitaji kwa sababu wiki hii bango lake liko kwa mafundi linapakwa rangi upya, na kwetu si adabu kutaja kitu kabla hakijakauka.

Nchi yetu ina gesi. Ina gesi mpaka basi. Ukichimba kisima unapata gesi, ukichimba choo unapata gesi, kuna shangazi yangu alichimba shimo la kupanda mgomba, mpaka leo anapikia hapo hapo. Na serikali inaitunza gesi yetu vizuri sana: inaichoma. Kuna bomba refu linatoa moto usiku na mchana, linaonekana mpaka wilaya za jirani, na kila asubuhi redio inatangaza urefu wa mwali kabla ya matangazo ya vifo. Mwali ukipanda tunapiga makofi, ukishuka waziri anaitwa kujieleza. Mafuta ya magari tunanunua ng'ambo, kwa watu ambao, kwa bahati nzuri, wanayatengeneza kutokana na ile gesi yetu kidogo tusiyoichoma. Wataalamu wanasema huo unaitwa ushirikiano.

Basi ndiyo akaja Daktari Somoe Mkwinda.

Huyu ni mama mfupi, mkali wa macho, mpole wa mikono. Alikaa ng'ambo miaka mingi akisoma, akarudi na mabegi mawili. Moja lilikuwa na nguo. La pili lilikuwa na kokoto. Askari wa uwanja wa ndege walimuuliza kama nchi yetu imeishiwa mawe.

Lakini hizo si kokoto za kujengea. Ni za kijivu, ndogo kama njugu, na kila moja ina matundu madogo madogo ambayo jicho halioni. Vitabuni zinaitwa vichocheo, sisi tunasema kokoto. Unazijaza kwenye mtungi mkubwa wa chuma, unautia joto kali, unapitisha gesi. Gesi inaingia matunduni ikiwa hewa, inatoka ikiwa mafuta. Na kokoto zenyewe haziliki wala haziyeyuki. Zinabaki pale pale, za kijivu vile vile, zinangoja gesi nyingine.

Mara ya kwanza tulipojaribu kwenye kimtungi kidogo, likadondoka tone moja. Daktari akalikinga kwa kiganja, akalinusa, akafumba macho, akakaa chini sakafuni na koti lake jeupe. Mimi nililia, sijui kwa nini, nililia tu. Alisema amelisubiri tone hilo tangu ana umri kama wangu.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa bado.

*

Waziri wetu ni Mheshimiwa Lugundu, Waziri wa Gesi na Mambo Mengine Yasiyoonekana. Ni mtu mwema sana, kila mtu anampenda, hata wanaomjua. Alikuja na ujumbe wake kuangalia kokoto, na Daktari akamweleza kwa lugha nyepesi, maana alishaonywa kwamba Waziri akisikia neno la kitaalamu anapata kizunguzungu.

"Mheshimiwa, kokoto hii ni kama mshenga," akasema. "Gesi ni kijana mkaidi, haitaki kuungana na mtu. Mshenga anaichukua, anaikalisha na wenzake, wanashikana mikono, wanatoka wakiwa mafuta. Yeye mwenyewe haoi wala haolewi. Wakiondoka hao, anashughulikia wengine."

Waziri akafikiri. "Na posho yake?"

"Hana posho, Mheshimiwa."

"Chakula?"

"Hali."

Waziri akamtazama katibu wake kwa huzuni, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Akaunda kamati ya kuchunguza inawezekanaje kitu kikafanya kazi bila kula. Kamati ikakaa hotelini kwa muda mrefu sana, ikala kwa niaba ya kokoto, ikarudi na jibu kwamba jambo hilo halijawahi kuonekana serikalini, ila si kosa kisheria.

Basi tukaruhusiwa kujenga mtungi mkubwa, kwa sharti moja: uwekwe kidirisha cha kioo kinene kwa mbele, kwa sababu serikali haiwezi kuamini kitu isichokiona. Daktari akaweka. Kisha Waziri akatangaza kwamba Mtukufu Mlezi, yaani mkuu wetu wa nchi, atakuja mwenyewe kuzindua, na akamvuta Daktari pembeni, mimi nikiwa nyuma yao nimeshika chai.

"Dada yangu Somoe, nitakuambia kama ndugu," akasema. "Mafuta yakitoka mbele ya Mtukufu, maabara hii ni yako mpaka ustaafu. Yasipotoka, jengo nimeshaliahidi."

Alikuwa amemwahidi shemeji yake, Bi Mwatima, mwenye biashara ya kupamba harusi. Na Bi Mwatima wala si mtu mbaya. Alikuja siku ile ile na futi ya fundi cherehani, akatusalimia vizuri, akaniita "mwali wangu", akaanza kupima madirisha. Alisema dari letu ni refu, linafaa sana kwa mapazia ya waridi, na kwamba mtungi ule ukitolewa pale ndipo watakapokaa bwana na bibi harusi. Daktari naye angehamishiwa Chuo cha Upishi, maana huko pia kuna gesi.

*

Sasa hapa ndipo penyewe.

Mnajua desturi yetu. Mtukufu Mlezi akipangiwa kupita mahali, kila kisichojongea kinapakwa rangi. Mawe ya kando ya barabara, chokaa. Mashina ya miti, chokaa. Kuta za maduka, njano. Mzee Chinduli, jirani yetu, aliwahi kusinzia kwenye benchi asubuhi ya ziara, akaamka na soksi nyeupe za chokaa mpaka magotini. Hakulalamika. Alitembea nazo kwa fahari mpaka mvua ziliponyesha.

Anayesimamia hayo ni Bwana Mkadam, Kamishna wa Mapokezi na Rangi. Mfukoni, pale wengine wanapochomeka kalamu, yeye anachomeka brashi. Alikuja kukagua maabara, akapita akitikisa kichwa kwa furaha, hiki kijani, hiki njano, hiki cheupe, mpaka akafika kwenye magunia ya kokoto. Akaokota moja. Akaigeuza geuza.

"Hii imekufa?" akauliza.

Daktari akamwambia ile ndiyo rangi yake. Bwana Mkadam akasema, kwa upole kabisa, kwamba Mtukufu hawezi kuoneshwa kitu ambacho hakina furaha. Kokoto zote zitapakwa rangi za taifa.

Nilimwona Daktari anashika meza. "Bwana Mkadam, kokoto hii inafanya kazi kwa ngozi yake. Gesi ikiigusa ndipo inageuka. Ukiipaka rangi, umemvika mshenga gunia kichwani."

"Gunia la rangi za taifa, Daktari."

Daktari akajaribu kumweleza habari za matundu. Bwana Mkadam akamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ni mtu msikivu, kisha akajitolea kusaidia. Akasema anaweza kupaka mkono mmoja tu wa rangi badala ya miwili. Akasema kuna rangi ya maji, nyepesi, kokoto haitaisikia. Akasema hata yeye anapopaka miti, miti huwa inalalamika mwanzoni, baadaye inazoea. Asubuhi itakayofuata angeleta kina mama wa kwaya na vibrashi vidogo, wapake moja moja huku wakifanya mazoezi ya wimbo.

Alipoondoka, Daktari hakugombana na mtu. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya mtungi, na chai yake ikapoa mkononi. Kule dirishani Bi Mwatima alikuwa amerudi, anapima tena, maana alisahau kuweka nafasi ya marinda. Daktari akamwangalia muda mrefu, akaniambia niende nikamnunulie maandazi. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba ruhusa ya kuondoka.

*

Nikatoka. Njiani mafundi walikuwa wameshaanza. Miarobaini yote ya barabara ya maabara ilikuwa imevaa soksi nyeupe, mawe yanang'aa kama meno. Mama wa maandazi hukaa nyuma ya maduka, pale yanapopakana na nyuma ya maabara, kwa hiyo nikakata kupitia kichochoro, na nilipogeuka kuangalia nilikotoka nikaona ile miti kwa nyuma. Ilikuwa ya kahawia, na siafu wake, na gundi yake, na tangazo la zamani la mganga. Chokaa ilikuwa imeishia katikati kabisa ya shina, kama mtu aliyenyolewa nusu. Kuta za maduka nazo, mbele njano, nyuma udongo.

Jamani, mimi nimezaliwa hapa. Nimeiona miti hiyo maisha yangu yote na sijawahi kuwaza.

Nikamuuliza fundi mmoja aliyekuwa anapumzika kwenye kivuli, mbona nyuma hawapaki. Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini havai viatu mikononi.

"Nyuma kwa ajili ya nani, dada? Mtukufu hapiti nyuma."

Maandazi nikayasahau. Nilikimbia mpaka kandambili ikakatika, nikaingia nahema, nikamwambia Daktari, nyuma hawapaki. Mwanzo hakunielewa. Kisha akaangalia mtungi, akaangalia kidirisha chake cha kioo, kidogo kama sinia, akanyanyuka kwenye ile ndoo taratibu, na chai akainywa vile vile baridi.

Asubuhi kwaya ilipofika na vibrashi vyao, Daktari aliwapokea amevaa kanga mpya, kwa sauti ya asali. Akamwambia Bwana Mkadam kwamba amelala akiwaza, amekubali, rangi ni muhimu. Ana swali moja tu la utaratibu. Je, kwa mujibu wa itifaki, ni upande gani wa kokoto utakaomwelekea Mtukufu?

Bwana Mkadam akachomoa brashi, akairudisha mfukoni. Huyu ni mtu wa misingi, msimcheke. Kupaka upande wa nyuma ni kuharibu rangi ya umma. Tena ni zaidi ya hapo: ni kama kusema kwamba Mtukufu anaweza kukutwa nyuma, na hilo ni tusi. Akaitazama ile milima ya kokoto, akakitazama kidirisha, akatamka kwa sauti ya hakimu kwamba zitapakwa zile tu zitakazogusa kioo. Zilizobaki zitaingia kama zilivyo, na zisionekane.

Kwaya ilipaka bakuli moja la kokoto, ikaimba wimbo wote mara nyingi sana, ikapewa soda, ikaondoka.

*

Siku ikafika. Sisi tulisimama kwenye mstari, Daktari kabana mikono nyuma. Bi Mwatima alikuwa safu ya pili na mkoba mkubwa, na ndani ya mkoba nikaona kitambaa cha waridi kimeshakatwa.

Mtukufu Mlezi kumbe ni mzee mdogo, mwembamba, mwenye miwani myeusi. Kwenye picha anaonekana mkubwa kwa sababu ya fremu.

Mheshimiwa Lugundu akahutubia. Akasema itifaki imezingatiwa, kisha kwa usalama zaidi akaanza kuizingatia tena, kuanzia kwa Mtukufu mpaka kwa wazazi wa madereva. "Ndugu wananchi," akasema, "kwa karne nyingi gesi yetu imekuwa hewa tupu, na sisi viongozi wenu tumekuwa bega kwa bega nayo. Leo tunaipa mwili." Watu wakapiga makofi. Akasema kokoto ni mfano wa kuigwa, zinafanya kazi bila kudai kitu, na akawatazama walimu waliokuwa wamekaa kulia.

Wakati anasema hayo mtungi ulikuwa unapata joto. Mtukufu alikuwa amesogezewa kiti mbele ya kidirisha, na mwanzo palipendeza kweli, kijani, njano, nyeupe, kama pipi kwenye chupa. Halafu ile ya njano ikafura. Halafu ya kijani ikapasuka. Hakuna aliyemwambia Bwana Mkadam kwamba mtungi ule ukipata moto hata risasi inayeyuka. Rangi za taifa zikaanza kuchuruzika, zikageuka kahawia, zikatoa moshi, na kioo chote kikawa cheusi tii mbele ya uso wa Mtukufu.

Waziri akanyamaza katikati ya neno. Bwana Mkadam akachomoa brashi, akaishika hewani, hana pa kuipaka. Nikasikia nyuma yangu Bi Mwatima anafungua mkoba.

Mtukufu akakitazama kile kioo cheusi. Akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu asiyezoea kuuliza, "Na mafuta yenyewe yanatokea wapi?"

"Nyuma, Mtukufu," akasema Daktari.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa mbele yake. Nilimwona mpambe wake anashtuka. Lakini mzee alishanyanyuka, akashika fimbo yake, akaanza kwenda. Zulia jekundu likaisha kabla hajafika kwenye kona ya jengo. Vijana wa itifaki wakawa wanalinyofoa nyuma ya visigino vyake na kulikimbiza mbele, mpaka likamfunga mmoja wao miguu, mzee akapita pembeni yake akikanyaga udongo.

Akatokea nyuma.

Jamani, nyuma palikuwa nyuma. Kamba ya nguo, mabanda ya udongo, mama wa maandazi na karai lake, kuku na vifaranga wake. Mama yule hakumtambua, akamwambia karibu baba, yapo ya moto. Mtukufu akasimama mbele ya mwarobaini, akaugusa shina kwa kidole.

"Mti huu una ugonjwa gani?" akauliza.

Bwana Mkadam alikuwa bado ameishika brashi hewani. Ikabidi nijibu mimi. Nikamwambia hauna ugonjwa, Mtukufu, ndiyo rangi yake. Akazunguka upande wa pili, akaona chokaa, akarudi tena upande wa kahawia. Akavua miwani.

Daktari alikuwa ameshapiga magoti kwenye koki ya mtungi, pale inapotokeza nje ya ukuta. Akaifungua. Kikatoka kishindo cha hewa, kisha kimya. Waziri akafumba macho. Mimi nilikuwa naangalia mdomo wa koki tu, na mdomo wa koki ulikuwa mkavu, mkavu, mkavu, mpaka likachungulia tone, likaning'inia pale likifikiri, likaanguka kwenye chupa. Likafuata la pili. Kisha yakaja kama uzi, meupe, safi, unaona mpaka upande wa pili wa chupa. Daktari alishika chupa kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto.

Mtukufu akainama akanusa. Akaangalia mtungi kupitia mlango wa nyuma, akafikiri.

"Kokoto zilizoyatoa haya ni zipi," akauliza, "zile za rangi, au hizi za huku?"

Waziri akakohoa kwa nguvu sana, lakini Daktari alishachoka mambo ya rangi.

"Hizi za huku, Mtukufu. Zile za mbele zilikuwa zinakuangalia wewe."

Nikasikia maandazi yanavyochemka karaini. Kisha mzee akacheka. Alicheka peke yake muda mrefu, kwa sababu itifaki haikuwa na kifungu kinachosema nani acheke wa pili. Akanunua maandazi, akala amesimama, akaondoka kwa kichochoro.

*

Maabara ikabaki yetu. Gazeti la serikali likatoka na kichwa cha habari ukurasa mzima: MTUKUFU AGUNDUA NYUMA. Waziri akasema bungeni kwamba wizara yake imekuwa na nyuma kwa muda mrefu, ila ilikuwa inasubiri wakati muafaka. Na amri ikashuka kutoka juu: kuanzia sasa Mtukufu akitembelea mahali, atapitia nyuma.

Sasa habari yenyewe niliyowaitia ni hii. Tangu amri hiyo, Bwana Mkadam anapaka nyuma. Miarobaini yote imepata chokaa upande wa siafu. Mabanda ya udongo yana njano inayoumiza macho, kuku mmoja hajulikani tena ni wa nani, na mama wa maandazi amevalishwa kitambaa cha kichwa cha kijani. Mbele hakuna anayeshughulika napo, chokaa imeanza kubanduka, na nawaambia pamependeza kweli.

Na majuzi akaja kwetu na brashi mfukoni. Amesikia Mtukufu anazipenda kokoto za nyuma. Anataka zipakwe.

Daktari hakubishana hata kidogo. Alimwekea chai, akamsifu kwa kazi ya miti, akamwambia kidirisha tutatoboa kingine kwa nyuma na hapo atapaka bakuli lake moja kama kawaida. Bwana Mkadam alipoondoka, Daktari akamtuma mtu kwa Bi Mwatima, aulizwe kama bado anayo yale mapazia. Anayo. Tumeyazungushia chini ya mtungi, waridi, marinda mpaka sakafuni, watu wanadhani ni mapambo. Kumbe yanaficha magurudumu. Mabomba yote tumeyaunga kwa mipira mirefu ya kuzungukia. Kidirisha cha pili hatukutoboa: Mtukufu akija kwa mbele, mtungi unageuka huku na kidirisha chake kimoja. Akija kwa nyuma, unageuka kule. Kokoto zilizobaki zinaendelea na kazi zao.

Mnasikia honi? Huo ni msafara. Anapitia wapi leo hakuna anayejua, nimemwona Bwana Mkadam amesimama ubavuni mwa nyumba na ndoo mbili. Niacheni niende, Daktari ameshashika upande mmoja wa mtungi, ananingoja nishike wa pili.